Hela yetu inaingia kwa siku, bima inataka ya mwaka mzima

Hii ni hotuba niliyoitoa Mbagala kwenye mkutano wa vikoba na vijiwe vya bodaboda. Watu waliniomba niiandike kwa ajili ya waliokosa, nimeiacha karibu vilevile nilivyoongea.

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, mama zangu wa vikoba, na nyie wadogo zangu wa bodaboda mliokaa juu ya pikipiki huko nyuma, sogeeni, maana kuna sehemu ya maneno haya ni yenu peke yenu.

Wengi mnanifahamu kama katibu wa kikundi, ila kabla ya hapo nimekaa miaka dirisha la malipo kwenye hospitali ya serikali hapahapa Dar, sitaitaja jina kwa sababu haya ninayosema unaweza kuyakuta hospitali yoyote ya mjini. Dirishani unaona kitu ambacho daktari hakioni. Daktari ameandika vipimo, ndugu wa mgonjwa anakuja na karatasi, namtajia kiasi, anakaa kimya. Halafu anasogea pembeni anatoa simu. Kaka, nipo hospitali na mtoto, nirushie chochote ulichonacho. Anapiga kwa shangazi, anapiga kwa bosi wake, anapiga mpaka kwa mtu waliyegombana naye. Baadae anarudi na nusu ya hela anauliza, dada, nikilipia damu leo, ile picha ya kifua nikaja kuilipia Jumatatu, inawezekana? Wengine hawarudi kabisa, karatasi unaikuta imeachwa kwenye benchi na vipimo vyote vimeandikwa pale, hakuna hata kimoja kilichofanyika.

Sasa nimehudhuria semina za bima na karibu kila semina lazima asimame mtu aseme tatizo wananchi hawana elimu ya bima. Hilo nimelikataa siku zote na leo nalikataa mbele yenu. Mama anayekaanga chapati pale Rangi Tatu anacheza upatu, ana hisa kwenye kikoba, analipa mfuko wa jamii kila kikao ili akifiwa kikundi kimsitiri, na jirani akipata msiba anatoa rambirambi hata kama siku hiyo hajauza. Huyo unamfundisha nini kuhusu watu kuweka pamoja ili likimfika mmoja asilibebe peke yake? Anajua kuliko aliyeandaa semina. Kinachomkwamisha ni kwamba hela yake inaingia elfu mbili, elfu tano kwa siku, na bima inamwambia leta ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kwenye hilo ndo nataka tukae leo.

Angalieni mwenye mshahara analipaje. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, sheria yake ni ya 1999 na ukaanza kazi 2001 kwa watumishi wa serikali. Makato ni asilimia 6 ya mshahara, nusu anakatwa mfanyakazi, nusu anatoa mwajiri. Hiyo hela inaondoka kabla mwalimu hajaishika mkononi, hana siku ya kukaa akajiuliza nilipe bima au nilipe ada ya mtoto. Sisi tunaishika kwanza, na hela ukishaishika mjini ina wenyewe, kuna kodi ya chumba mwenye nyumba anataka ya miezi mitatu, kuna luku, kuna maji ya dumu, kuna hesabu ya bosi wa pikipiki, kuna marejesho ya kausha damu mtu kasimama mlangoni jioni na daftari lake. Bima inabaki mwisho wa foleni na foleni yenyewe haiishi. Na hakuna mwajiri wa kutuongezea nusu nyingine.

Ndo maana wakati Bunge linajadili muswada wa Bima ya Afya kwa Wote, takwimu za serikali zilikuwa zinasema wenye bima ya aina yoyote nchi nzima ni kama asilimia 15 tu, na nusu hivi ya hao wapo NHIF, ambako wanaoubeba mfuko ni wenye mishahara. Jiji hili sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 5.3. Hebu fikirieni wangapi humo wanatembea barabara ya Kilwa asubuhi wakiombea tu wasiumwe.

Wazee hapa wanakumbuka kuna wakati unatibiwa bila kuulizwa hela. Hospitali binafsi za biashara zilipigwa marufuku 1977, zikaruhusiwa tena 1991, na kuanzia 1993 serikali ikaleta uchangiaji kwenye hospitali zake yenyewe. Sina nia ya kulaumu, miaka ile hazina ilikuwa tupu na kwenye zahanati dawa zilikuwa hazipo. Lakini uchangiaji ulikuja na ahadi, kwamba wapo watakaosamehewa: mjamzito, mtoto chini ya miaka 5, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, mwenye kifua kikuu, na mtu maskini kabisa. Ahadi hiyo mpaka leo ipo kwenye sera. Kazi ipo kwenye kuipata.

Maskini wa mjini anapataje msamaha? Anaelekezwa kwa afisa ustawi wa jamii. Afisa anataka barua ya serikali ya mtaa, serikali ya mtaa inataka mjumbe athibitishe kweli huyu mtu hana uwezo. Kijijini mjumbe anajua mpaka idadi ya kuku wako. Hapa kwetu mtu kapanga chumba Charambe juzijuzi, kabla ya hapo alikuwa Buza, kabla ya Buza katoka Lindi, mjumbe hamjui kwa sura wala kwa jina. Anasema siwezi kumsainia mtu nisiyemfahamu, na kwa kweli hajakosea, akisaini hovyo kesho ataitwa yeye. Nilimuona kijana mmoja mama yake kalazwa, kaenda kumtafuta mjumbe kaambiwa yupo msibani Mkuranga, kesho yake kaenda tena, kampata, mjumbe anauliza we unakaa kwa nani, hilo jina la mwenye nyumba silijui. Mpaka barua inapatikana bili imeongezeka kwa siku zote alizokuwa anahangaika. Na akifika mbele ya afisa ana simu ya kupangusa mkononi na shati safi, anaonekana ana uwezo. Hiyo simu ndo anayopokelea oda za kazi jamani, akiiuza amejiua njaa!

Kwa hiyo kuna watu wa mshahara, wana kadi. Kuna kaya maskini sana, wakiandikwa na TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, au ustawi angalau wana pa kuanzia. Hapo katikati ndo tumejaa sisi, tunaohesabiwa tuna uwezo mpaka siku tunapoumwa.

Mniruhusu niseme habari ya presha maana inaua hapa mtaani na watu wanasema kalogwa. Yupo mama ntilie mmoja, simtaji, alikuwa anapikia mafundi gereji. Alipimwa akaambiwa ana presha, ameze dawa kila siku maisha yake yote. Vidonge vyenyewe sio vya bei kubwa. Lakini kila mwezi umuone daktari, ulipe kumuona, halafu siku nzima genge limefungwa. Akaamua njia ya mkato, anakwenda duka la dawa muhimu ananunua vidonge kumi, vikiisha anakaa, kichwa kikianza kumgonga ananunua kumi vingine. Na presha haina adabu ya kukuambia nimepanda, wengi hata kichwa hakiwaumi. Asubuhi moja akaanguka jikoni upande mmoja ukafa. Kiharusi. Picha ya kichwa, kulazwa, mazoezi ya viungo, pempasi za mtu mzima, binti yake kaacha kazi ya saluni amuuguze, genge ndo limekufa hivyo. Tulifungua grupu la wasapu, tulichanga, na tulichanga vizuri, zikapatikana hela ambazo zingelipia kadi ya familia nzima miaka kadhaa. Zikaisha kabla hajaweza kushika kijiko.

Nisikilizeni hapo. Watu wa jiji hili wanalipia matibabu, na wanalipa sana. Grupu la michango ni bima, ila ni bima ya gharama kuliko zote kwa sababu inaanza kukusanya wakati mgonjwa yupo chini. Hela inakuja imechelewa, ugonjwa umeshakua, kilichokuwa cha vidonge kimekuwa cha kitanda. Na michango inaangalia unafahamika kiasi gani. Mtu wa kwaya, mtu wa msikiti, mtu mwenye ukoo mkubwa atachangiwa zikafika. Binti wa kazi za ndani aliyetoka Singida ana namba kumi kwenye simu, huyo nani anamfungulia grupu?

Haya, vijana wa bodaboda. Kila mmoja wenu hapa ana bima ya pikipiki, au anatakiwa kuwa nayo, maana trafiki akikukamata huna unalijua litakalofuata. Ile bima ndogo inamlinda mtu mwingine utakayemgonga. Wewe dereva ukivunjika mguu hiyo karatasi haikuhusu. Chombo cha bosi kimekatiwa, aliyekaa juu yake hajakatiwa kitu! Ajali ikitokea kwanza mtu akimbilie polisi kuchukua PF3, ile fomu ya majeruhi, huku mwenzenu mfupa upo nje, halafu hospitali, halafu ukihitaji kuwekewa vyuma unapelekwa Muhimbili kule MOI, taasisi ya mifupa, na hapo ndo mnaanza kupita kijiwe kwa kijiwe na kofia ya helmeti mkikusanya mia tano mia tano. Nawaheshimu sana kwa umoja huo. Nimewaona mmekuja dirishani saa nane usiku watu kumi na mbili mna chenji za sarafu mezani, hamkuondoka mpaka mwenzenu kaingia chumba cha upasuaji. Umoja huohuo nautaka kabla ya ajali.

Sasa nije kwenye jambo gumu kidogo na naomba msinikasirikie. Kulikuwa na Toto Afya Kadi ya NHIF, mnaikumbuka, shilingi 50,400 mtoto alikuwa anatibiwa mwaka mzima mpaka hospitali za rufaa. Mwaka 2023 NHIF ikasimamisha kumsajili mtoto mmojammoja, wakasema waje kupitia shule. Watu walilia na mimi nililia nao, kuna wazazi wana watoto wa selimundu, wa moyo, walibaki hewani. Ila sababu iliyotolewa ni ya kweli na lazima tuielewe. Waliokuwa wanasajiliwa wengi ni watoto ambao tayari wanaumwa, mzazi wa mtoto mzima anasema wangu mzima nalipia ya nini, kwa hiyo matumizi yakazidi michango kwa mbali sana. Ni sawa na kikoba ambacho mtu anaruhusiwa kujiunga Jumamosi akope Jumapili, kikundi gani hapa kinaweza kuishi hivyo? Hakipo. Bima inasimama kwa hela za wazima. Tukiikimbilia wodini tu itakufa, na watakaoumia ni hawahawa watoto wetu.

Kwa hiyo nalisema pande zote mbili. Serikali haiwezi kutegemea mtu mmojammoja ajiamulie mwenyewe aje na kapu la hela, na sisi hatuwezi kusubiri mpaka tuugue.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipo. Muswada ulisomwa bungeni mara ya kwanza Septemba 2022, ukaahirishwa kwa sababu ilikuwa haijaeleweka hela ya kuwabeba wasio na uwezo itatoka wapi, ukapitishwa Novemba 2023 na Rais akausaini. Safari hii vyanzo vikatajwa, humo kuna ushuru wa soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Yaani kijana anayebeti hapo kwenye kona na dada anayenunua losheni wapo kwenye hesabu ya kumlipia asiyeweza. Basi tuna haki ya kuuliza, mwenyekiti, hao wasioweza wa mtaa huu ni akina nani, wameandikwa na nani, na mpangaji aliyeingia mwezi uliopita yumo? Orodha ikiandikwa kwa kumtegemea mjumbe peke yake itawaacha walewale niliowasema. Vikundi vihusishwe. Mwenye kikundi anajua nani ameshindwa kuleta hisa wiki tatu mfululizo na kwa nini.

Na jambo la pili kwa serikali, turuhusiwe kulipa kidogokidogo. Leo mtu analipia mkopo kwa siku, ananunua king'amuzi kwa siku, pikipiki ya mkataba analipia kila siku mpaka inakuwa yake. Hakuna sababu bima ya afya ndo iwe kitu pekee kinachotaka laki na nusu siku moja.

Lakini hatukai tukisubiri. Chukueni kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, kama kipimo, kwa hapa Dar iliwekwa 150,000 kwa kaya ya watu 6, na 40,000 kwa mtu mmoja. Bei na vifurushi vinabadilika na sheria hii mpya, kwa hiyo kabla ya kulipa ulizeni kwa mwandikishaji wa kata, nachotaka muone ni hesabu tu. Laki na nusu ukiigawa kwa siku 365 ni kama shilingi 411. Watu sita, shilingi 411! Kikundi cha watu 30, kila mtu akiweka elfu 3 kwa wiki pembeni ya hisa zake, kwa mwaka anakuwa ameweka 156,000. Kikundi kizima kinakuwa na 4,680,000, kaya 30 ni 4,500,000, inabaki 180,000 ya nauli na dharura ya mwanachama aliyekwama wiki mbili tatu. Msisubiri mwaka uishe. Elfu 90 kila wiki, ndani ya wiki tano mna 450,000, kateni kadi za kaya tatu, anzeni na wenye mjamzito, wazee na wenye sukari au presha, halafu endeleeni mpaka zamu ifike kwa wote. Aliyekatiwa mapema anaendelea kuchangia, akikimbia wadhamini wake wanalipa kama mkopo mwingine wowote. Haya mnayajua, mnayafanya kila Jumamosi.

Hela hiyo isikopeshwe. Naomba sana. Nakijua kikundi kilichokusanya hela ya bima, mtu akaomba aazime ya mzigo wa Kariakoo arudishe mwezi ujao, na mwingine akaomba, mpaka siku ya kulipia boksi lina karatasi za ahadi. Fungueni akaunti yake au laini yake ya simu, funguo wawe nazo watu watatu wasio ndugu.

Na kadi ikishapatikana msiazimane. Najua huruma inakusukuma, jirani mtoto anachemka, unampa ya mwanao. Faili la mwanao linajazwa magonjwa na dawa ambazo sio zake, siku daktari anamtibu anasoma historia ya mtoto mwingine. Bora ukamchangie jirani taslimu.

Hospitali nazo nina neno, na nimekuwa ndani kwa hiyo nalijua. Mtu kahangaika kapata kadi, anafika anaambiwa mwenye bima subiri kule, wa taslimu apite huku. Anaandikiwa dawa, anaambiwa hii haipo kanunue nje. Anatoka na kadi yake mfukoni analipa hela palepale. Mtu huyo mwakani harudi kulipia, na anawaambia wenzake ishirini. Kila dawa inayokosekana dirishani inafukuza wanachama kuliko tangazo lolote la redio linavyowaleta. Wakuu wa vituo mliopo hapa, mkitaka watu wa Mbagala waiamini bima, ianzieni kwenye kabati la dawa. Na ile kadi ya CHF tuwe wakweli kwa watu, iliwekwa itibu kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, mtu asiambiwe inafika Muhimbili halafu akaumbuka getini.

Swali la yule mama aliyeinua mkono mapema, kwamba ndugu akifariki huku hospitali bado inakudai inakuwaje. Mama, pole sana. Wizara imeshakataza zaidi ya mara moja maiti kuzuiwa kwa sababu ya deni. Deni linaandikishwa, familia inakubaliana na hospitali namna ya kulilipa. Ukikwamishwa muombe afisa ustawi wa jamii, akishindwa panda kwa mganga mfawidhi, usikubali kukaa mochwari siku tatu unaomba kama vile unaomba hisani.

Na wa dharura, mtu anavuja damu, anatapika damu, mjamzito kazidiwa, huyo anapokelewa kwanza anatibiwa, hela inafuata baadae. Msimrudishe mgonjwa nyumbani kutafuta hela.

Jumamosi tunaanza kuandikisha hapahapa baada ya vikao vya vikundi, kuanzia saa nne. Njooni na namba ya NIDA, kwa mtoto njooni na cheti cha kuzaliwa, asiye na cheti aje hivyohivyo tumuelekeze RITA wanakotoa vyeti. Bodaboda mtakaa meza yenu peke yenu ili msipoteze abiria, kijiwe kimoja kinamaliza kinaondoka. Na wapangaji wapya, ambao mjumbe hawajui, mjumbe wenu mwenyewe amekubali kuja kukaa meza ya kwanza na daftari lake, pitieni kwake muandikwe kabla ya mtu yeyote hajaumwa.